Kidonge Kilichokatwa Nusu: Mzigo wa Ugonjwa ni wa Nani?

 

Mwezi uliopita, baada ya maombi ya Jumatano, mama mmoja wa kwaya alinifuata nyuma ya kanisa, pale chini ya mwarobaini. Nilidhani anataka nimwombee. Akasema, "Hapana, Baba Mchungaji, leo nina swali tu." Akafungua kitambaa alichofunga kwenye ncha ya kitenge, akanionyesha vidonge vya presha vilivyokatwa kwa wembe, kila kimoja nusu. Nusu ni yake, nusu ni ya jirani yake, mama mwenzake ambaye karatasi yake ya dawa ilikwisha na hakupata nyingine. Akaendelea kunieleza kwamba safari iliyotangulia alimwambia muuguzi kuwa dawa zake zimelowa na mvua, ili apewe mara mbili. Mvua haikunyesha. Sisi sote tunaijua Turkana.

Swali lake lilikuwa hili: "Je, hiyo ni dhambi? Na kama ni dhambi, ni ya nani?"

Nilimpa jibu fupi, na jibu lile halikunipa usingizi. Kwa hiyo leo naomba nilirudie polepole mbele yenu, maana najua si yeye peke yake anayekata vidonge.

Kwanza tuseme wazi yaliyotufikisha hapa. Zamani kidogo, ndugu zetu wa Nairobi walikuwa na kadi ya NHIF. Asiyeajiriwa alilipa shilingi 500 kwa mwezi, na familia zingine za wakimbizi ziliandikishwa kwa msaada wa UNHCR. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, ikaja SHA, kwa sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2023. Sasa mtu wa mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anaulizwa maswali juu ya nyumba yake na maisha yake, kisha anapangiwa cha kulipa, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mkisikia 300 mtasema imeshuka, afadhali. Lakini sheria inataka fedha ya mwaka mzima mbele. Mia tatu mara kumi na mbili ni 3,600. Mama anayeuza mandazi anaweza kupata 300, tena akazipata mwezi ujao. Lakini 3,600 kwa siku moja, mikononi mwake, zikiwa hazijadaiwa na mwenye duka? Ndiyo maana mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa kulipa pole pole. Na yule aliyepangiwa kiasi kikubwa kuliko 300 ana hesabu nyingine kabisa.

Kwa haki nitaje na upande wa pili. Aliyejiandikisha tu, hata kama hajalipa, anatakiwa kutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3, kwa mfuko unaotoka katika kodi. Hili ni jambo zuri, na wengi wetu hatulijui, tunakaa nyumbani tukilaumu. Lakini kutibiwa bure na kukuta dawa rafuni ni mambo mawili. Na kwetu huku kambini, ambako tulizoea kupewa dawa na mashirika, tangu misaada kutoka Marekani ilipokatwa mwaka 2025 tumeona wauguzi wanapungua na makabati yanabaki wazi. Mtu wa kisukari anaandikiwa karatasi, anaambiwa, "Hii utanunua." Mwaka huohuo posho ilipunguzwa na watu wakagawanywa katika makundi manne, wengine hawapati kitu. Kwa hiyo mnaona jinsi mambo yalivyokutana. Mfuko uleule uliotoa unga sasa unaombwa utoe na kidonge.

Turudi kwa mama yetu.

Nilipokuwa chuo cha Biblia, mwalimu wetu alipenda kutusumbua na Wagalatia sura ya 6. Katika mstari wa 2 Paulo anaagiza tusaidiane mizigo. Katika mstari wa 5, hata wino haujakauka, anasema kila mtu atauchukua wake. Sisi wanafunzi tulicheka tukasema mtume amechoka. Mwalimu akatuonyesha kwamba katika Kiyunani ni maneno mawili. La kwanza, baros, ni uzito unaomlemea mtu. La pili, phortion, ni furushi lake mtu, lile analoweza kulibeba mgongoni akaendelea na safari. Niliandika kwenye daftari, nikapata alama zangu, nikasahau.

Sasa ugonjwa wa kudumu ni upi kati ya hiyo miwili? Malaria ni uzito, inakuangusha, watu wanakuja, wanakubeba, wiki mbili umepona. Lakini presha na sukari hazipiti. Zinaanza kama furushi. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, unaendelea na kazi zako, hakuna anayejua. Kisha bei inapanda, au kadi inafungwa, na furushi lilelile, bila kuongezwa hata jiwe moja, linageuka kuwa uzito wa kuua. Mgonjwa ni yuleyule, ugonjwa ni uleule, kilichobadilika ni kanuni iliyoandikwa mbali. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema, "Ugonjwa wake ni wake, kwa nini hakujiwekea akiba?" Furushi lake alikuwa akilibeba. Tulimwona.

Lakini na mimi nilikuwa mmoja wa hao wasemaji, sitaficha. Nilipotoka Uvira nilikaa Kayole miaka kadhaa kabla ya kuja huku. Nililipa 500 kila mwezi, na miaka mitatu sikuugua hata kikohozi. Nikamwambia mke wangu, "Mama, hizi fedha tunawalisha watu." Nikaacha kulipa. Nilijiona mwenye akili. Miezi minane baadaye nilianguka sokoni nikiwa nimebeba gunia la viazi, wakanipima, presha ikawa ya kutisha. Nilikwenda hospitali moja mjini na kadi yangu mfukoni, kadi safi, isiyo na kitu ndani. Watu waliochanga kunitoa pale ni waumini ambao wengine walikuwa bado wanalipa zile 500 nilizoziita upuuzi.

Tangu siku ile nimeifikiria sana bima, na nimeona kwamba sisi Wakongo tunaielewa vibaya kwa sababu tunaifananisha na likelemba. Katika likelemba kila mtu anatoa, kila mtu anapokea, na unaingojea zamu yako kwa furaha, umeshapanga utanunua mabati. Wakenya wana chama, ni ndugu yake. Bima siyo hivyo. Katika bima unatoa ukiomba Mungu zamu yako isifike kamwe. Mtu aliyelipa miaka ishirini akafa usingizini bila kulazwa, huyo hakuibiwa. Alipata kile tulichokuwa tunakiomba sote. Fedha yake ilikwenda kumsafishia mtu figo, au kumtoa mama mtoto kwa upasuaji. Ukitafuta ndani ya bima faida ya likelemba hutaiona, na utaondoka ukinung'unika kama mimi.

Na wazima wakiondoka, nini kinabaki? Wagonjwa peke yao, wanachangiana umaskini. Hapo mfuko haufiki mbali. Hii ndiyo sababu serikali zinalazimisha watu, na kwa upande huo sizilaumu. Ninacholalamikia ni kumlazimisha mtu kwa namna asiyoweza. Kumdai mama wa mandazi fedha ya mwaka kwa siku moja ni kama kumwambia mtoto, "Kula ugali wa mwezi mzima leo." Siyo kwamba hataki kula.

Wengine wataniuliza, Mchungaji, imani iko wapi katika maneno haya? Wapo wahubiri wanaopita hapa wakiwaambia watu watupe dawa kuonyesha wanaamini. Nimemzika mzee mmoja aliyewasikiliza. Sitasema zaidi, ila mkasome 1 Timotheo 5:23, muone mtume aliyewaombea wagonjwa wakapona alimpa kijana wake shauri gani juu ya tumbo lake. Hakumwambia afunge siku tatu.

Sasa lile swali. Je, alitenda dhambi aliposema mvua imelowesha dawa?

Jibu langu la kwanza, chini ya mwarobaini, lilikuwa kwamba Mungu anaona moyo, aende kwa amani. Ni jibu tamu. Lakini usiku nilianza kumwona mtu wa tatu, ambaye hakuwa kwenye hadithi yetu. Makopo ya dawa pale kliniki yanahesabiwa. Hayaongezeki kwa sababu mtu ana huruma. Siku ile mama alipopewa mara mbili, kulikuwa na mtu mwisho wa foleni, labda Mturkana aliyetembea tangu alfajiri, labda Msudani, labda Mrundi, ambaye alifika dirishani akaambiwa zimekwisha. Huyo mtu hana sura kwetu. Jirani wa mama ana sura, ana jina, analia. Tunampenda tunayemwona kwa mali ya tusiyemwona, na moyo unatuambia tumefanya vema.

Nilimwambia hayo mama wiki iliyofuata. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Na wewe Baba Mchungaji, yule wa mwisho wa foleni ungemwonaje kama jirani yako ndiye anaumwa kichwa usiku, na midomo inamwenda upande?" Sikuwa na jibu. Nadhani uongo wake ulikuwa kosa, na nadhani kosa kubwa zaidi ni la wale waliopanga foleni ambayo mwisho wake hauna dawa, na nadhani sisi wa kanisa tuko mahali fulani katikati, maana jirani yule ni mshirika wetu, anakaa mstari wa tatu, na hatukujua kwamba karatasi yake imekwisha. Angepaswa kuja kwetu kabla ya kwenda kwa wembe wa rafiki yake. Hakuja kwa sababu gani? Aliogopa tutasema, "Tuombe."

Jambo moja nililisema kwa ukali na ninalirudia hapa kwa wote. Nusu ya kidonge si nusu ya uzima. Presha haiumi, kwa hiyo unaweza kumeza nusu, ukajisikia vizuri, na damu inaendelea kusukuma kuta za mishipa mpaka siku ya kiharusi. Hawa mama wawili walidhani kila mmoja amepona nusu. Huenda wote wawili walibaki hatarini. Tena kuna vidonge vilivyotengenezwa vitoe dawa polepole mwilini, ukivikata unaharibu kazi yake. Kama fedha haitoshi, mwambie muuguzi au daktari bila haya, "Hii siiwezi." Mara nyingi ipo dawa nyingine ya bei nafuu, ya jina la kawaida, inayofanya kazi ileile. Mimi mwenyewe nilibadilishiwa hivyo. Wakongo tuna kiburi cha kutotaja umaskini wetu mbele ya daktari, na kiburi hicho kinatuzika.

Baada ya hapo niliita wazee na mashemasi. Tulifungua mfuko wa wagonjwa, tukakuta shilingi 21,600. Tulihesabu wagonjwa wetu wa presha, sukari, kifafa na pumu, wakawa thelathini na wanane. Shemasi mmoja, mtu wa hesabu, akasema, "Hii inalipia familia sita SHA kwa mwaka, kwa kiwango cha chini. Tuchague sita." Mwingine akasema tuwanunulie wote dawa za mwezi mmoja, mpaka ziishe. Wa tatu akasema tusifanye lolote, tukianza tutagombanisha kanisa.

Na kati ya wale thelathini na wanane yupo kijana wa miaka kumi na minne anayeishi kwa insulini. Mnamjua, ndiye anayepiga ngoma. Mama yake anaitunza chupa ndani ya chungu kilichowekwa katika chungu kingine, katikati mchanga wa maji, kwa sababu joto la hapa linaiharibu dawa hiyo. Mtu wa presha akikosa dawa mwezi mmoja yuko hatarini. Kijana wa aina ile akikosa insulini, ni suala la siku, au wiki chache. Hapa kuna jambo la kutafakari. Frederick Banting na wenzake waliogundua insulini kule Toronto waliiuzia chuo kikuu haki yao ya ugunduzi mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, kwa kuwa hawakutaka dawa ya uhai iwe njia ya kutajirikia. Dola moja. Na miaka mia imepita, mama wa Kalobeyei anauza posho yake apate chupa. Kati ya ile dola na huyu mama kuna mikono mingi, na kila mkono ukiuuliza utakuambia unachukua haki yake tu.

Tulibishana mpaka taa ikaisha chaji. Je, tumwokoe mmoja aliye karibu kufa, au tuwasaidie wengi walio mbali kidogo na kifo? Shemasi wa hesabu alisema wengi ni wengi. Nilimjibu kwamba watu si magunia, huwezi kuweka wagonjwa ishirini upande mmoja wa mizani na kijana mmoja upande wa pili ukasoma kilo. Wale ishirini hawaungani kuwa mtu mmoja anayeteseka mara ishirini. Kila mmoja anateseka mara moja, mwilini mwake. Kwa hiyo aliye karibu zaidi na shimo ndiye anayeshikwa kwanza. Bado nasimama hapo, ingawa najua shemasi ana hoja, kwani mwaka kesho wale ishirini nao watakuwa wamelikaribia shimo.

Hapo mzee mmoja, mwenye presha kama mimi, akasimama akasema, "Nina miaka sitini na nane. Nifuteni kwenye orodha, fungu langu apewe kijana." Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilimwomba akae. Mzee alikuwa amesikia tukihesabu, akajiona yeye ni gharama. Je, hiyo ni sadaka, au ni sisi tuliomsukuma kwa hesabu zetu mpaka akaona haya kuishi? Sadaka ya kweli ipo, siikatai. Lakini kanisa likiwapigia makofi wazee wanaojifuta, mwaka ujao watajifuta na wale wasiotaka. Jina lake tuliliacha pale lilipo.

Mwishowe tuliamua hivi, na siyo wote waliofurahi. Insulini ya kijana italipwa kwanza, ya miezi mitatu. Fedha inayobaki haitagawanywa vipande vipande. Tutaanza nayo mfuko wa kuchangia, ambapo kila familia, hasa isiyo na mgonjwa, inatoa shilingi 50 kila wiki. Ikifika 3,600 tunaikamilishia familia moja ada ya mwaka, kisha nyingine, tukianza na zile zenye mgonjwa. Waliojaribu kujiandikisha katika ofisi moja na namba ya kitambulisho cha mkimbizi ikakataa kusomwa, tutakwenda pamoja nao, maana mtu peke yake anarudishwa haraka kuliko watu kumi. Katika Matendo sura ya 6, wajane waliposahauliwa katika ugawaji wa kila siku, mitume hawakuishia kuomba tu. Walisema wachaguliwe watu saba wa kushughulikia. Sisi tumechagua watatu.

Wazima wameanza kunung'unika, kama nilivyotegemea. Kijana mmoja mwenye pikipiki aliniuliza, "Mimi siumwi, nitapata nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba naomba asipate kitu. Alicheka, akatoa mia, akasema ni ya wiki mbili. Wiki ya tatu sijamwona.

Yule mama wa kwaya amekwenda kliniki mwenyewe na jirani yake, wakamweleza muuguzi habari yote, hata ile ya mvua. Muuguzi aliwakemea, kisha akawapima wote wawili. Jirani amepewa karatasi mpya, dawa za wiki mbili tu, kwa kuwa ndizo zilizokuwepo. Zinaisha Jumanne ya wiki ijayo.

Wenye karatasi za dawa zilizokwisha au zinazokaribia kwisha wazilete kwa mashemasi Jumatano kabla ya maombi. Mtu asikate kidonge kabla hajatuona.